Fumbo Moja, Konsoli Mbili: Uchambuzi wa Ununuzi Uliorudiwa

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea nyumbani kwetu, na uamuzi uliokizaa ulikuwa wangu mwenyewe. Tuna konsoli mbili za michezo ya video: moja imeunganishwa na televisheni sebuleni, na nyingine ni ya mkononi, yenye skrini yake, ambayo mtu anaweza kusafiri nayo au kuipachika kwenye kitako chake ili picha ionekane kwenye televisheni. Zimetengenezwa na kampuni mbili tofauti. Mchezo mpya wa mafumbo ulipotoka siku moja kwa konsoli zote mbili, niliununua kwa ile ya sebuleni. Siku kumi na mbili baadaye nikaununua tena kwa ile ya mkononi. Na miezi miwili ilipopita nilikuwa na nakala mbili, kila moja ikiwa imetumika nusu tu. Mdogo wangu, ambaye aliusubiri mchezo huo kwa hamu kuliko mimi, alipoteza sehemu kubwa ya raha yake kutokana na mpangilio nilioufanya bila kufikiri.

Ni lazima kwanza nieleze mchezo wenyewe ulivyo, kwa kuwa karibu kila kosa nililolifanya lilitokana na kutoutazama vizuri kabla ya kulipia. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni safari ya vyumba 84 ndani ya mnara, ambamo mchezaji hugeuza vioo na kuelekeza miale ya mwanga mpaka mlango ufunguke. Hakuna maelezo ya maneno. Chumba kimoja humfundisha mtu kanuni kwa kumwacha akosee, na chumba kinachofuata huipindua kanuni hiyo hiyo. Hakuna saa inayomkimbiza mchezaji, hivyo mtu anaweza kukaa mbele ya chumba kimoja nusu saa nzima akitazama tu, bila kugusa kitufe. Sehemu ya pili ni ya vipande vya kioo vinavyoshuka kutoka juu ya skrini, ambavyo mchezaji hupaswa kuvipanga ili mistari ijae na kutoweka. Haina mwisho, kasi yake huongezeka, na ni ya ukoo ulioanzishwa na Tetris, mchezo ambao Alexey Pajitnov aliubuni mwaka 1984 na ambao mwaka 1989 uliuzwa nchini Marekani ndani ya boksi moja na Game Boy, konsoli ya mkononi ya Nintendo. Sehemu zote mbili huitwa mafumbo, na maduka huziweka katika fungu moja. Kwa mnunuzi mwenye konsoli mbili, hata hivyo, hizo ni bidhaa mbili zenye tabia zinazopingana, na mimi sikuliona hilo mpaka nilipokuwa nimekwisha kulipa mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa la kusoma. Ukurasa wa mchezo katika duka la mtandaoni ulisema kwamba mchezo unapatikana kwa konsoli zote mbili na kwamba unatumia hifadhi ya mtandaoni. Niliyaunganisha maneno hayo mawili kichwani mwangu nikapata ahadi ya tatu ambayo hakuna mtu aliyeitoa, yaani kwamba nikilipia upande mmoja nitaweza kuendelea upande wa pili pale nilipoishia. Kumbe hayo ni mambo yasiyotegemeana. Mchezo kutengenezwa kwa konsoli mbili ni jambo la mtengenezaji. Malipo mamoja kukubaliwa kwenye konsoli mbili ni jambo la wenye maduka. Maendeleo ya mchezaji kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine ni jambo jingine tena, na mchezo unaweza kuruhusu maendeleo kuhama huku ukimtaka mtu alipe mara mbili, au ukakosa yote mawili kama ulivyokuwa huu wetu.

Malipo mamoja kwa mashine mbili si jambo geni, lakini historia yake inaonyesha wazi mpaka wake. Mwaka 2011, mtu aliyenunua Portal 2, mchezo wa mafumbo wa kampuni ya Valve, kwa ajili ya PlayStation 3, konsoli ya Sony, alipata ndani ya boksi msimbo wa kupakua nakala ya kompyuta kutoka duka la Steam. Hilo liliwezekana kwa sababu Valve ndiyo iliyoutengeneza mchezo na ndiyo iliyomiliki duka la upande wa pili. Mwaka uliofuata Sony iliwaruhusu wanunuzi wa baadhi ya michezo kuicheza kwenye PlayStation 3 na kwenye konsoli yake ya mkononi, PlayStation Vita, kwa malipo mamoja, na mwaka 2016 Microsoft ikaanzisha Xbox Play Anywhere, inayounganisha konsoli yake ya Xbox na kompyuta za Windows. Katika kila mfano, pande zote mbili zilikuwa za mwenye mali mmoja au za watu waliokuwa na sababu ya kukubaliana. Konsoli za kampuni mbili zinazoshindana haziko hivyo. Nintendo na Sony, kwa mfano, hazina daftari la pamoja la wateja: duka la mmoja halijui kilichonunuliwa katika duka la mwenzake, na kila moja huchukua fungu lake katika kila mauzo. Anayetarajia kulipia kwa mmoja na kupakua kwa mwingine anatarajia mmoja wao atoe bidhaa bure.

Kuhusu maendeleo ya mchezaji, jina lenyewe la hifadhi ya mtandaoni linapotosha. Hifadhi ya PlayStation Plus, huduma ya kulipia ya Sony, na ile ya Nintendo Switch Online, huduma ya Nintendo iliyoanza Septemba 2018, huweka nakala ya faili la mchezaji ili limrudie akibadilisha mashine au mashine yake ikiharibika, lakini hurudi kwenye mashine za kampuni ile ile tu. Ili faili livuke kwenda kwa kampuni nyingine, mtengenezaji wa mchezo anapaswa kuwa na seva zake, kumfungulia kila mchezaji akaunti ya mchezo huo, na kumtaka aingie kwa akaunti hiyo kwenye konsoli zote mbili. Studio kubwa zenye michezo ya kuchezwa mtandaoni huweza kubeba kazi hiyo kwa kuwa seva wanazo tayari. Studio ndogo ya mafumbo haina sababu nzito ya kugharamia seva miaka kadhaa kwa ajili ya faili dogo ambalo ndani yake kuna orodha ya milango iliyofunguliwa. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kutafuta maneno yanayotaja akaunti ya mtengenezaji. Yasipokuwapo, achukulie kwamba faili halitavuka.

Nilikuwa nimefika chumba cha 52 nilipotakiwa kusafiri kikazi kwa wiki tatu. Usiku wa kuamkia safari nililipia nakala ya konsoli ya mkononi, nikaipakua, nikalala nikiwa na furaha. Nilipoifungua njiani nilijikuta nimesimama mbele ya mlango wa chumba cha kwanza.

Hasira yangu haikudumu, kwa sababu lilitokea jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Vile vyumba 51 vilivyonichukua saa tisa sebuleni nilivipita tena kwa saa moja na dakika kumi. Katika michezo mingi, maendeleo hukaa ndani ya faili: nguvu za mhusika, silaha zake, sarafu alizokusanya, na mtu akipoteza faili hulazimika kuvitafuta upya kwa saa zile zile. Katika fumbo la fikra, maendeleo hukaa kichwani mwa mchezaji, na faili huandika tu milango iliyo wazi. Kwa hiyo kupotea kwa faili, jambo nililoliona kama msiba, kulinigharimu muda mfupi sana. Hasara ilikuwa mahali nilipokuwa sitazami. Kitendawili kilichokwisha teguliwa hakimtegi tena mtu yule yule, na vyumba 51 nilivyovilipia mara ya pili vilikuwa vitupu. Mikono yangu ilipita humo ikigeuza vioo kama mtu anayefungua kabati za jikoni kwake. Nilichokinunua kwa kweli, kwa bei kamili, kilikuwa vyumba 33 vilivyobaki pamoja na haki ya kuvikalia nikiwa safarini. Kama ningeuona ununuzi kwa sura hiyo usiku ule, ningejiuliza kama vyumba 33 haviwezi kunisubiri wiki tatu, na nadhani ningejibu kwamba vinaweza.

Sipaswi kuacha hapa jambo dogo lililonisaidia. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nikiandika kwenye daftari: michoro ya vioo, alama zilizokuwa kutani, na maswali ambayo sikuwa nimeyapatia majibu. Daftari hilo nilisafiri nalo, nalo likafanya kazi ambayo duka halikuifanya. Lilishindwa mahali patatu tu, kwenye milango inayofunguliwa kwa nambari, kwa kuwa mchezo hutunga nambari hizo upya kila mchezaji anapoanza safari. Nambari nilizoziandika zilikuwa za faili la sebuleni, nikalazimika kurudi kuzitafuta. Anayetaka kuhama konsoli kwa namna hii aandike njia aliyoipitia kufikia jibu, kwa sababu jibu lenyewe huenda lisifanane.

Sasa nimgeukie mdogo wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia zaidi. Katika siku zile kumi na mbili alikaa nami sebuleni kila nilipocheza, akisubiri zamu yake. Niliona ni jambo jema, nikamshirikisha, nikafikiri kwa sauti. Zamu yake ilipofika akakuta kwamba kila chumba nilichokipita mbele ya macho yake kimekwisha kufa kwake pia. Katika mchezo wa mpira au wa mbio za magari, kumtazama mwenzako hakukupunguzii kitu; pengine hukufundisha. Katika safari ya mafumbo, macho mawili yaliyotazama yametumia nakala sawasawa na mikono miwili iliyocheza. Nilinunua nakala ya pili nikidhani kwamba sasa kila mmoja ana yake, ilhali nilikuwa nimemwachia nakala ya sebuleni yenye vyumba 51 ambavyo majibu yake anayajua. Hili ndilo ninalolijutia kuliko fedha.

Suluhisho lilikuwapo pale pale sebuleni, tena bila malipo. Konsoli za siku hizi humruhusu kila mtu wa nyumba kuwa na jina lake la mchezaji kwenye mashine moja, na mchezo ulionunuliwa na mmoja huweza kuchezwa na wengine kwenye mashine hiyo, kila mmoja akiwa na faili lake. Nakala moja ilitosha watu wawili. Kilichohitajika ni ratiba: yeye acheze jioni mimi nisipokuwapo, nami nicheze asubuhi, na tukutane kuzungumzia tu vyumba ambavyo sote tumevipita.

Sehemu ya pili ya mchezo, ile ya vipande vinavyoshuka, inageuza karibu kila nilichokisema. Huko vipande huja kwa mpangilio usiotabirika, kila mzunguko ni mpya, na hakuna jibu la kukariri. Nakala ya pili haifi. Mtu akimtazama mwenzake haharibikiwi na chochote. Kinachohama na mchezaji ni ustadi wa vidole, na vidole hutegemea mashine vilivyozoezwa nayo. Nilikuwa nimefikia kasi nzuri sebuleni. Kwenye konsoli ya mkononi nilianguka mapema kwa siku nne mfululizo, kwa sababu kitufe cha msalaba cha kidhibiti cha sebuleni ni kipande kimoja, na kwenye ile ya mkononi ni vitufe vinne vilivyotengana, hivyo kidole gumba kilizoea kuteleza mahali ambapo sasa kilitakiwa kuruka.

Kasi ya picha nayo inahesabika hapa, na ni vizuri kuiona kwa tarakimu. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Katika Tetris ya NES, konsoli ya zamani ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1989, kipande hushuka mstari mmoja kwa kila fremu mchezaji anapofika kiwango cha 29, na uwanja una mistari 20, maana yake ni kwamba kipande hutoka juu hadi chini kwa theluthi moja ya sekunde. Televisheni ambayo haijawekwa katika hali ya michezo inaweza kuchelewesha picha kwa sehemu ya kumi ya sekunde kwa sababu ya kuisafisha na kuipamba kabla ya kuionyesha. Kwa kasi hiyo, kipande kimekwisha shuka mistari sita kabla jicho halijaona matokeo ya kitufe. Ninaieleza hesabu hii kwa sababu nilichagua konsoli ya sebuleni mara ya kwanza kwa hoja ya ubora wa picha, na kwa muda wa wiki nzima televisheni yetu haikuwa katika hali ya michezo. Sehemu iliyohitaji mashine yenye kasi niliicheza kwa ucheleweshaji, na sehemu isiyohitaji kasi hata kidogo, ile ya vyumba na vioo, ndiyo niliyoipa skrini kubwa.

Skrini kubwa, hata hivyo, haikukosa faida kwa vyumba vile. Baadhi ya alama kutani zilikuwa ndogo mno kwenye konsoli ya mkononi, na chumba cha 67, chenye vioo vya rangi nne zinazokaribiana, sikukiweza kabisa nikiwa ndani ya basi mchana, jua likigonga skrini. Nilikitegua usiku ule ule kwa dakika tano. Jambo hili hupuuzwa na wanunuzi wengi. Michezo ya mafumbo huficha ufunguo katika rangi, sauti au umbo dogo, na mahali mtu anapochezea huweza kuufuta ufunguo huo. The Witness, mchezo wa Jonathan Blow uliotoka Januari 2016, una mafumbo yanayotegemea kusikiliza sauti za ndege na mengine yanayotegemea kupambanua rangi. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili hivi hupata shida ya kupambanua baadhi ya rangi, na mtu wa namna hiyo anapaswa kuangalia kabla ya kulipa kama mchezo una mpangilio wa alama badala ya rangi. Toleo la majaribio likiwapo, ni afadhali lijaribiwe kwenye konsoli zote mbili, na pale hasa ambapo mtu anakusudia kuchezea.

Niliporudi safari niliomba kurejeshewa fedha za nakala ya pili. Ombi lilikataliwa, na nilipoyasoma masharti niliona kwamba yalikuwa wazi tangu mwanzo. Masharti hutofautiana sana. Steam humrejeshea mtu fedha akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya saa mbili. PlayStation Store nayo hutoa siku 14, lakini kwa kawaida haki hiyo huisha mtu anapoanza kupakua. Kwa mchezo wa mafumbo, tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana mtu hawezi kujua kama faili lake limevuka mpaka apakue na kufungua, na akishapakua amekwisha ipoteza haki ya kurudisha. Swali la faili linapaswa kujibiwa kabla ya kulipa, kwa kusoma maelezo ya mtengenezaji, kwa sababu baada ya hapo jibu lake halina matumizi.

Linabaki suala la diski na kadi zinazobeba mchezo. Sijawahi kuona aina ya mchezo inayofaa kununuliwa kwa kitu cha kushikwa mkononi kuliko safari ya mafumbo. Ikimalizika imemalizika, thamani yake kwangu huisha, huku kwa mtu ambaye hajaiona ikiwa kamili kama siku ya kwanza. Nakala ya kupakuliwa hufungwa kwa akaunti ya mtu mmoja, na mnunuzi hupewa leseni ya kuitumia, si umiliki. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inayowataka wauzaji walieleze hilo wazi. Lakini kadi nazo zinahitaji kutazamwa vizuri. Kwa Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, kuna kadi ambazo ndani yake hamna mchezo bali ufunguo wa kuupakua. Hata hivyo anayeishika kadi ndiye anayecheza, hivyo huweza kuazimwa. Michezo mingi midogo ya mafumbo haitolewi kwa kadi kabisa siku ya kwanza, na ikitolewa huja miezi kadhaa baadaye. Kwa mtu mwenye ndugu anayesubiri, subira hiyo ina faida.

Njia moja nyingine ningeweza kuitumia safarini. PlayStation 5, kwa mfano, huweza kurusha picha yake kwenye simu kupitia intaneti, na Sony hutaja megabiti 5 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini. Wachezaji wengi huikwepa njia hii kwa sababu ya ucheleweshaji, nao wana haki katika vipande vinavyoshuka. Katika chumba cha vioo, ambamo mtu hufikiri dakika kumi kisha akageuza kioo kimoja, ucheleweshaji wa nusu sekunde haumdhuru mtu. Faili lingebaki moja, lile lile la sebuleni, na chumba cha 52 kingekuwa palepale nilipokiacha.

Nikiupima ununuzi huu sasa, naona kwamba mpangilio ulipinduka. Safari ya vyumba ilifaa kununuliwa kwanza, mara moja, kwa konsoli ya mkononi ambayo ingewekwa kwenye televisheni pale alama zinapokuwa ndogo, na kila mmoja wetu angekuwa na faili lake. Nakala ya sebuleni, kwa ajili ya vipande vinavyoshuka, ingeweza kusubiri hadi bei ishuke, kwa kuwa vipande haviozi na hakuna anayeweza kukuharibia kwa kukutangulia. Hivi leo nakala ya mkononi imelala, vyumba vyote 84 vikiwa wazi, nami hucheza vipande sebuleni karibu kila jioni.

Mdogo wangu alianza chumba cha 52 peke yake, kwa jina lake, akiwa amefunga mlango. Aliniomba daftari, nikampa kurasa za mwanzo tu, za vyumba ambavyo tayari alikuwa ameviona, na zile za mwisho nikazishona kwa uzi. Jana alinirudishia. Uzi haujakatwa, naye yuko chumba cha 79.